Mng'aro Unaoliwa na Jua

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekufa kwa aibu, halafu nikarudi nyumbani kwa miguu kama kawaida.

Kipindi cha kemia. Mwalimu alifunga mapazia, akazima taa, akatoa kitochi kidogo – vile vya madukani vya kukagulia noti bandia. Mwanga wa zambarau. Akakipitisha juu ya madawati. Mashati yakawaka! Buluu, weupe wa ajabu, kama darasa zima limemeza mwezi. Kola zinawaka, mikono inawaka, hata uzi wa vifungo. Watu wanapiga kelele. Kitochi kikafika kwangu – giza.

"Mwalimu, huyu leo hayupo!" Spika huyo. Tunamwita Spika kwa sababu hazimiki. "Mtoto wa dobi, nyumbani hakuna sabuni!"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka na stuli.

Mwalimu hakucheka. Akaeleza. Sabuni za unga zina kemikali inayong'ang'ania kwenye uzi. Inakunywa ule mwanga wa jua ambao macho hayauoni, inautema ukiwa buluu. Jicho linadanganyika, linaona nyeupe kuliko nyeupe. Si usafi. Ni kama vipodozi. Na jua hilohilo linaloiwasha ndilo linaloivunja – molekuli inajipinda kwanza, baadaye inakatika, na ikishakatika haiwaki tena. Hasa nguo ikiwa mbichi. Kwenye maji vilevile: juani haidumu, ila gizani inakaa hata miezi.

"Shati hili," akasema ananinyooshea kidole, "limeanikwa vizuri kuliko yenu yote."

Alidhani ananitetea. Nilitamani sakafu inimeze.

Ni kweli lakini. Sabuni ya unga kwetu ni ya mashuka ya gesti tu. Shati langu ni sabuni ya kipande, na jua, na jua, na jua.


Jumatano, 5 Machi

Mwenye gesti alikuja mwenyewe asubuhi. Hata hakushuka kwenye pikipiki. Akainua ncha ya shuka kwa vidole viwili, kama ameokota panya.

"Mama, mashuka yangu yamekuwa kama meno ya mvuta sigara."

Mama akaomba radhi. Akasema atayarudia. Alipoondoka tu, akamimina unga mwingine kwenye pipa – si kipimo, ni kukung'uta pakiti mpaka chini. Mama Mdogo akakohoa. (Wanafua pamoja, yeye na Mama, tangu kabla sijazaliwa. Wanabishana kama kasuku wawili.)

"Dada, utawachubua wageni wa watu."

"Acha niwachubue. Na tutayaanika mpaka jioni. Jua ndiyo dobi wa tatu hapa."

Nilisimama mlangoni na begi mgongoni. Nilikuwa nayo yote kichwani! Kwamba jua linakula kile anachokitia. Kwamba anatia zaidi kwa sababu jua limekula, halafu anaanika zaidi kwa sababu hayajang'aa, halafu jua linakula tena. Kwamba ile njano ni rangi ya pamba yenyewe, imerudi tu kwao. Lakini yote yalikuwa kichwani kwa lugha ya shule. Kwa lugha ya nyumbani sikuwa na hata neno la kuanzia. Na Mama alikuwa amejishika kiuno.

Nikasema, "Mama, nachelewa."

Kibogoyo, mdogo wangu, bado anaumwa tumbo. Leo ameacha hata kuuliza kama jino la mbele limeota.


Alhamisi, 6 Machi

Kibogoyo amelazwa. Homa ya matumbo. Mdogo wangu ana miaka sita na kitandani pale anaonekana wa mitatu.

Daktari aliuliza tunakunywa maji gani. Mama akajibu haraka – ya bomba, na tunachemsha. Ni kweli, sisi tunachemsha. Lakini Kibogoyo anashinda kwa fundi cherehani, nyumba ya chini yetu, anacheza na binti wa fundi. Na pale wanakunywa ya kisima. Wanateka, wanakunywa, basi. Nyumba zote za mteremkoni wanafanya hivyo bomba likikauka, na bomba linakauka kila siku.

Najua shimo letu liko wapi. Choo na maji ya kufulia, vyote vinaingia shimo moja, nyuma ya ukuta. Ukisimama pale unaona bati la kisima cha fundi, chini kidogo tu. Kama ningedondosha machungwa yangebingirika mpaka kwenye ndoo.

Sijala.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeongea na Mwalimu! Nilisubiri wote watoke. Sauti ilitoka kama ya mbu, akaniambia nirudie, nikarudia.

Akakaa. Akasema kuna njia. Unachukua pamba ya hospitali, ambayo yenyewe haiwaki. Unaifunga kwenye kijineti, unaitumbukiza kisimani, unaiacha siku kadhaa. Kama maji ya kufulia yanafika, pamba inayanywa yale ya kung'arisha, kidogo kidogo. Unaitoa, unaikausha gizani, unaimulika. Ikiwaka, basi maji ya shimo lenu yanafika kisimani. "Na kama ya sabuni yanafika," akasema, "na ya choo yanafika."

Gizani, alirudia. Jua lisiione kabisa.

Bwana afya ni rafiki yake, atamwita aje ashuhudie. Ikiwaka, kisima kinafungwa na shimo linafungwa.

Shimo linafungwa. Nilikuwa nimefika getini ndipo nikaelewa nimesema nini. Hakuna mwingine mtaani anayemwaga sabuni ya unga kwa mapipa. Pamba ikiwaka, inawaka jina la Mama. Bila shimo hakuna kufua. Bila kufua – sijui. Hatuna kitu kingine. Baba ni picha ukutani.

Lakini Kibogoyo ana mrija mkononi.


Jumapili, 9 Machi

Nimeziweka. Vifurushi vinne, uzi mrefu, jiwe dogo la kuzamisha.

Fundi alikuwa barazani anatia uzi kwenye sindano, ulimi nje.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba mwanangu. Unavua samaki kisimani kwangu?"

Nikasema ni projekti ya shule. Akasema nikimpata mkubwa tugawane, kichwa chake mkia wangu. Binti yake akaja akaning'inia kwenye sketi yangu, anauliza Kibogoyo atarudi lini. Ana kikombe cha plastiki shingoni kwa kamba, kama medali. Alichota maji kwenye ndoo palepale akanywa, akanipa na mimi.

Nikasema sina kiu. Akanywa yangu.


Jumatano, 12 Machi

Nimezitoa. Nimezifunga kwenye mfuko mweusi, mbiombio, nikazitandaza kwenye boksi la viatu ndani ya kabati letu, chini ya magauni. Mlango wa kabati nimeuzibia na kanga. Giza totoro. Kesho kutwa Mwalimu na bwana afya.

Moyo hautulii. Naomba ziwake. Halafu naomba zisiwake. Sijui Mungu anafanya nini na mtu wa namna hii.


Alhamisi, 13 Machi

Nimetoka shule. Nimefungua geti la uani.

Kamba ya kwanza, mashuka. Kamba ya pili, mashuka. Na katikati ya mashuka mawili, zimebanwa na vibanio kwa mpangilio mzuri, pamba zangu nne. Jua la saa tisa linazipiga usoni. Zimekauka zimekuwa nyepesi, zinacheza na upepo!

Nilipiga kelele. Mimi! Mama Mdogo akatoka mbio na mikono ina povu, alidhani nyoka.

"Pamba! Nani kaweka pamba?"

"Nani kama si mimi?" Anajivuna kabisa. "Nimefungua kabati nitafute blanketi la mtoto, nakutana na harufu ya unyevu. Nikasema huyu anasoma lakini hajui kuanika. Tangu asubuhi ziko hapo, zimekauka kama keki. Nani alikufundisha kuanika gizani, mwanangu? Popo?"

Akacheka. Akanipiga bega kwa mkono wenye povu. Nyumba hii kitu cheupe kikiwa kibichi kinapelekwa juani. Hata mimi nilipozaliwa, anasema Mama, nilikuwa na manjano, wakanitoa uani kila asubuhi. Hawana namna nyingine ya kupenda kitu.

Nilizianua. Nikamwambia asante.


Ijumaa, 14 Machi

Stoo ya maabara, dirisha limezibwa na maboksi. Mwalimu, bwana afya, mimi. Bwana afya mnene kidogo, anahema kwa puani. Mwalimu akawasha kitochi.

Kola ya bwana afya ikawaka. Kucha zangu zikawaka kidogo pembeni, maana jana nilisaidia kuloweka. Pamba – hamna. Ya kwanza hamna, ya pili hamna. Ya nne nilidhani naona kitu, kama ukungu. Bwana afya akasema ni macho.

Mwalimu akanigeukia gizani. "Ulizitunza gizani muda wote?"

Hapo ndipo. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningesema tu: hapana, zilianikwa. Maneno mawili. Lakini bwana afya alishatoa kalamu, na nikamwona Mama amejishika kiuno, na Mama Mdogo na mkono wenye povu. Na kulikuwa na giza, wangeweza wasione nikitikisa kichwa kwa namna yoyote.

Nikatikisa kuitikia. Wakaona.

"Basi maji salama," akasema bwana afya. "Kisima kiendelee."

Mwalimu akaniachia kitochi nimalizie ripoti. Akasema nimefanya kazi ya mtu mzima.


Jumamosi, 15 Machi

Kibogoyo amerudi! Mwembamba, anadai yule samaki wa kisimani niliyemsimulia. Mama amecheka leo kwa sauti, nilikuwa nimeisahau. Habari imemfikia: shule imepima kisima, kiko safi. Akaniambia kumbe kuna watu mtaani walishaanza kumnyooshea kidole, shimo la dobi, shimo la dobi. "Sasa wafunge midomo. Na mtoto wangu mwenyewe ndiye aliyepima!" Akaninunulia kalamu mpya.

Nilishuka kwa Fundi. Nikamwambia wachemshe maji. Alikuwa anakanyaga cherehani, hakusikia, nikarudia.

"Bwana afya kasema safi, wewe unasema chemsha. Mkaa utanipa wewe?" Kwa utani tu. "Mwanasayansi wetu! Kaa unywe maji."

Angalau Kibogoyo nimemkataza. Nimemwambia kisima kina chura anayeng'oa meno. Ameogopa sana, hana mengi yaliyobaki.


Jumatatu, 17 Machi

Hakuna kitu cha kuandika. Spika ananiita Profesa Giza. Sijakasirika. Jina limenifaa.


Jumatano, 19 Machi

Cherehani haikusikika leo. Nilidhani ni siku yake ya kwenda kununua vitambaa.

Binti yake. Tumbo, homa, tangu juzi. Mama Mdogo ndiye aliyemsaidia kumbeba mpaka hospitali. Amerudi jioni hasemi, na Mama Mdogo asiyesema ni kama redio iliyokufa betri – unajua nyumba ina tatizo. Baadaye akasema ametapika mpaka hakuna cha kutapika. Akasema bado alikuwa amevaa kile kikombe shingoni, nesi akakikata kamba.

Mama akasema, "Masikini. Atakuwa amekula nini sijui."

Nimekaa chooni muda mrefu kwa sababu ndicho chumba pekee chenye komeo.


Alhamisi, 20 Machi

Sikwenda shule. Nimesema kichwa.

Walipokwenda kupeleka mashuka, nilishuka kwa Fundi, nikateka maji, nikajaza chupa, nikaifunga na sketi yangu nyeusi palepale kisimani. Nimerudi nimeingia ndani ya kabati na kitochi. Nimejifungia kama mwizi.

Inawaka.

Si kama mashati. Hafifu – kama pumzi kwenye kioo, lakini buluu. Nilizima nikawasha, nikazima nikawasha. Buluu.

Nikataka uhakika, maana Mwalimu alisema maji yenye majani yaliyooza nayo huwaka kidogo, ila hayo jua haliyabadilishi haraka. Nikamimina kwenye glasi, nikaiacha dirishani juani. Nikafagia. Nikampa Kibogoyo dawa. Nikarudi kabatini na vyote viwili. Glasi imezimika, imebaki maji tu. Chupa bado buluu.

Kwa hiyo ni yetu. Sabuni yetu, shimo letu. Na nilijua. Siku zote hizi za kalamu mpya nilijua, na yule mtoto alikuwa anakunywa.


Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia Mwalimu. Yote: kamba, vibanio, kutikisa kichwa. Nililia, pua ikafanya kelele mbaya. Hakunigombeza, ingekuwa afadhali angenigombeza. Alivua miwani tu akaifuta, akaifuta.

Akasema chupa niilete kesho shuleni, ingawa ni Jumamosi, imefungwa hivyohivyo. Bwana afya anapita saa nane mchana, baada ya hapo yuko safari za mashambani mpaka mwezi ujao. Karatasi aliyoisaini inasema safi. Haitafutwa kwa maneno yangu, inataka kitu cha kuona kwa macho.

Ametaka kuja nyumbani kuongea na Mama. Nikamwomba aniachie mimi. Sijui nilipata wapi kiherehere hicho.


Jumamosi, 22 Machi

Niandike haraka.

Mama Mdogo amelala hospitali na mke wa Fundi. Asubuhi Fundi mwenyewe alipita, macho mekundu, anafunga geti lake kwa kufuli, anakwenda kushinda huko. Nilimuuliza hali. Akasema, "Ndiyo hivyo, mwanangu." Hakutania.

Nilikaa na Mama kwenye ngazi ya uani. Kibogoyo amelala ndani. Chupa mapajani kwangu, ndani ya sketi nyeusi. Nikamwambia.

Na nimeweza! Kwa lugha ya nyumbani, mwanzo mpaka mwisho, bila neno moja la shule. Nilimwambia: Mama, ile sabuni ina rangi isiyoonekana, inakaa kwenye uzi kama vumbi la dhahabu, na sehemu nyingine inakwenda na maji. Imepita chini ya ardhi, imefika kwa Fundi. Na yaliyo chooni yamefuatana nayo. Nikamwonyesha, tukajifunika shuka kichwani wote wawili kama watoto, nikawasha kitochi. Aliona. Nilisikia pumzi yake ikisimama.

Tulipotoka chini ya shuka akauliza kwa nini basi zile pamba hazikuonyesha. Nikamwambia ziliwekwa juani. Jua linaikata ile rangi vipande vipande. Kwenye nguo na kwenye maji. Ndiyo maana mashuka yanarudi njano hata utie pakiti ngapi.

"Kwa hiyo haya nayo," akasema, "yakikaa juani."

Nikasema ndiyo. Nikafurahi kwamba ameelewa. Nilifurahi!

Akatazama mapipa. Akasema wakifunga shimo, gesti itatafuta dobi mwingine siku hiyohiyo, na mimi na Kibogoyo shule itakuwa hadithi. Akasema hospitali wanamtibu yule mtoto, kupima maji hakumpi dawa. Akasema atamwambia Fundi wachemshe, atawapelekea mkaa yeye mwenyewe, kila wiki. Sauti ya chini, taratibu, kama anavyomlaza Kibogoyo. Nikamwambia, Mama, si Fundi peke yake, ni nyumba zote. Nikamwambia saa nane.

Alichukua chupa mapajani kwangu. Sikuishikilia. Akaitoa kwenye ile sketi, akaikung'uta sketi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye ngazi kando yangu. Akavuka uani akaisimamisha chupa juu ya ukuta, upande usio na kivuli. Akaigeuza kidogo, kama mtu anayepanga ua. Akarudi kwenye mapipa.

Hiyo ni sasa hivi. Bado niko kwenye ngazi. Maji yanameta, ukiyatazama hivi ni mazuri kabisa. Geti la Fundi lina kufuli, hakuna kuteka chupa ya pili. Saa sita haijafika. Kutoka hapa mpaka ukutani ni kupita chini ya kamba mbili tu. Sketi hii hapa. Mama hajaificha chupa, hajaimwaga. Ameiacha wazi, mimi naiona na yeye anajua naiona.

Nikisimama, atanitazama. Ndicho ninachokiogopa, si kingine – macho yake.

Ameshatoa shuka la kwanza kwenye pipa. Zito, linachuruzika. Kawaida ni yeye na Mama Mdogo, mmoja huku mmoja kule, wanalisokota. Leo yuko peke yake. Ameshika ncha moja, nyingine ameinyoosha upande wangu. Maji yanadondoka kwenye miguu yake, na mkono unavutwa chini na uzito, na hashushi.